Ritifaa ya Ng'washi

Jumatatu, 3 Machi 2025

"Makala ni yangu. Kompyuta ndiyo iliyolikata jina langu." Hayo ndiyo majibu ambayo Evelina Ng'washi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, ameyatuma gazetini kwetu baada ya safu yangu ya Ijumaa.

Tuyapime. Kompyuta haina kisu. Kompyuta haina ugomvi na Wasukuma. Nilipokuwa nafundisha, mwanafunzi aliyeshindwa kazi alisema mbuzi amekula daftari. Sasa mbuzi ameachwa apumzike, imebebeshwa mashine.

Naandika mambo yalivyo ili nisije nikapotoshwa mbele ya safari. Mwalimu huyu anaomba ufadhili wa masomo ya uzamivu nje ya nchi. Nafasi ya mkoa wetu ni moja. Hapewi mtu aliyevuka miaka arobaini, naye ataivuka Julai, kwa hiyo kwake ni mwaka huu au basi. Katika maombi yake amejigamba kwamba amechapisha utafiti kuhusu radi za ziwa letu katika jarida la kimataifa. Mimi sikubali kujigamba kwa mtu bila ushahidi. Nilikwenda maktaba ya chuo kikuu, ambako nina kadi ya msomaji wa nje, nikaandika jina lake kwenye kanzidata ya makala za sayansi. Halikuleta kitu. Nikaandika hivyo kwenye safu yangu. Yeye akajibu kwa kutoa kiungo cha mtandaoni.

Leo nimekifungua hicho kiungo. Makala ipo. Radi zipo, ziwa lipo, hata Kayenze ya mwambaoni kwetu ipo. Ila mwandishi anaitwa W. E. Ng. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba Ng ni jina kamili la ukoo, la watu wa kusini mwa China na Singapore. Wapo wahandisi na wanahisabati wengi wenye jina hilo.

Kumbe nilimpunja nilipomwita mwongo. Ni mwizi.

(Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwezi wa tano: Sifuti hata neno moja hapo juu. Nataka niwe najisoma nilivyokuwa.)

Jumanne, 4 Machi

Mvua kubwa. Buzuruga yote, mtaa wetu hapa Mwanza, haina umeme. Sikufanya kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Safu imetoka: "Bwana Ng na Kivuli Chake". Nimeandika kwamba mgeni kutoka mbali amekuja kwenye mwambao wetu, amepanga redio tatu za kawaida za masafa ya kati, akahesabu radi kwa mikwaruzo inayosikika redioni, na kutuonyesha kwa nini dhoruba za ziwani hupiga zaidi karibu na alfajiri. Halafu mwalimu wetu, ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo kwa nauli ya kwenda Kayenze, ameona rahisi zaidi kuichukua kazi ya mwenzake na kuivalisha jina lake.

Nikajua atajitetea kwa kutoa nakala ya PDF. Nikamziba mapema: "PDF yenye jina lolote mtu anaweza kutengenezewa kwenye vibanda vya uchapaji vya Mkuyuni huku akisubiri chai ipoe."

Pius, mhariri wangu, alipiga simu akicheka.

"Kaka, gazeti limeisha asubuhi hii hii. Hiyo ya chai ipoe wanaitumiana kwenye makundi yote. Mpaka kundi la kwaya la mke wangu!"

Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumatano, 12 Machi

Maktaba. Nataka makala nzima ya Bwana Ng. Mtandaoni wanaonyesha ikisiri tu, kile kifungu kifupi cha mwanzo. Iliyobaki imefungwa kwa walipiaji. Teodora, mkutubi wa dawati la majarida, alikuwa anapambana na mashine ya kuchapa iliyokuwa imemeza karatasi.

"Mwalimu, jarida hilo chuo hakijalilipia. Hatuna."

"Chuo kikuu kizima?"

"Chuo kikuu kizima. Sisi tunalipia yale yanayoombwa na wahadhiri. Wahadhiri hawajaomba radi."

"Kwa hiyo mwananchi akitaka kusoma kuhusu radi inayompiga yeye mwenyewe afanye nini?"

"Ajaze ombi, Mwalimu. Naomba kwa maktaba rafiki huko nje, wenyewe wanatuma. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini wewe ushaandika tayari. Unaitaka ya nini tena?"

"Ya kumzikia."

Hakucheka. Alinichukulia jina la makala, akaandika mwenyewe kwenye kompyuta "Ng'washi" ili ahakikishe. Haikuleta kitu. "Kweli haipo," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Jumapili, 16 Machi

Niliamshwa alfajiri na ngurumo. Umeme ulikuwa umekatika, nikakumbuka redio ya zamani ya betri iliyo juu ya kabati. Nikaiwasha kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, nikakaa dirishani nikitazama upande wa ziwa.

Ni kweli tupu. Kila radi ilipomulika, redio ilikwaruza hapo hapo, kraa, kabla ngurumo haijafika. Halafu ilikwaruza na mimi sijaona mwanga wowote, maana radi hiyo ilikuwa imepiga mbali huko Ukerewe au zaidi. Nilikaa hivyo mpaka kukapambazuka, mtu mzima na mvi zangu, nahesabu mikwaruzo. Sijawahi kuipenda fizikia. Leo nimeipenda kidogo.

Huyu Ng ni mtu mwerevu, na mnyenyekevu pia: redio tatu za kawaida, basi. Akija tena Mwanza nitamtafuta. Nitamkaribisha sato nyumbani, anieleze mwenyewe.

(Pembeni, nyekundu: Alikuwa Butimba. Kutoka kwangu unapanda magari mawili.)

Ijumaa, 21 Machi

Leo redioni, kipindi cha mjadala. Walimwalika naye. Nilikuwa sijawahi kumwona: mwanamke mrefu, ana chaki kwenye mkono wa gauni, kaja moja kwa moja kutoka darasani. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia. Nikavaa vile visikilizio nikaanza kazi.

"Dada Evelina, tuambie. Ukifungua kile kiungo chako, jina la mwandishi ni nani?"

"Limeandikwa Ng."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Ng'washi."

"Wasikilizaji, mmemsikia kwa kinywa chake."

Mtangazaji alicheka. Evelina akasogea karibu na kipaza sauti. "Na wewe umenisikia, Mwalimu? Wewe umefundisha Kiswahili. Naomba uwaambie wasikilizaji, hiyo ng' ya Ng'washi inaanzia wapi na inaishia wapi?"

"Inaanzia Kayenze na kuishia Singapore!" nikasema.

Studio nzima ikavunjika mbavu. Yeye alisubiri kicheko kiishe, akasema taratibu kwamba nakala ya makala yake ameshaipeleka kwenye kamati. Nikamuuliza aliichapia wapi, Mkuyuni? Muda ukaisha.

Nilipotoka nilipitia dukani kwa Jitesh. Yeye na mimi tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na tangu ukoo wao uanze kuuza vifaa vya ujenzi hapa mjini sijui kama kuna nyumba ambayo haina msumari wao. Alikuwa amesikiliza kipindi.

"Revo, umeshinda," alisema.

"Mbona unasema kama umefiwa?"

"Amekuuliza swali, hukujibu. Umechekesha."

"Kuchekesha ni jibu."

"Kwa wateja wangu hapana. Mteja akiuliza bati geji ngapi, nikachekesha, anaenda duka la pili."

Nimemwambia auze bati zake aniachie hoja.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau kwa jirani. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 1 Aprili

Dakta Josephat, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, amenipigia mwenyewe. Anasema wamesoma safu zangu zote. Kwa alama, mwalimu Evelina ndiye anayeongoza orodha, na anayemfuata yuko mbali. Nakala yake wameiona, lakini baada ya yale niliyoandika kuhusu PDF hakuna mjumbe anayetaka kutia sahihi. Nikamwambia nimeiagiza makala nzima kupitia maktaba.

"Tunakaa Jumanne baada ya Pasaka, asubuhi," alisema. "Ile makala uliyoagiza maktaba ikifika, na ikawa na lolote, upande wowote ule, nipigie. Usiku, mchana, nipigie tu. Namba yangu ndiyo hii."

Nimeihifadhi. Nakiri nimefurahi. Miaka yote hii naandika na leo kamati inamsubiri mwandishi.

Jumatano, 9 Aprili

Maktaba: bado.

Jumatatu, 14 Aprili

Maktaba: bado. Barabara ya Mkuyuni imejaa maji. Nimepoteza kiatu kimoja.

Alhamisi, 17 Aprili

Imefika.

Teodora alipiga simu mchana. "Mwalimu, radi zako zimeingia. Njoo kabla sijafunga, kesho Ijumaa Kuu." Nilifika nimelowa. Alikuwa ameshanichapia, kurasa zimebanwa vizuri, bado zina joto la mashine.

Nilikaa meza ya dirishani nikafungua ukurasa wa kwanza nikiwa na kalamu mkononi tayari kwa kupigia mistari. Chini ya kichwa cha makala, katikati ya ukurasa, kumechapwa: Evelina Ng'washi. Mstari unaofuata: Mwanza, Tanzania.

Nilisoma jina hilo mara nyingi. Ritifaa ilikuwepo, kile kimkia kidogo cha juu, kimekaa mahali pake kati ya g na w. Nakala hii haikutoka kibandani Mkuyuni. Imetoka kwenye rafu ya maktaba ya ng'ambo, imepigwa picha kutoka jarida la karatasi la miaka tisa iliyopita.

Nikaenda mwisho, kwenye shukrani. Anawashukuru watu wa Kayenze na Igombe waliomwazima redio. Halafu, naitafsiri kama ilivyo: "Na mama yangu, Ng'washi, ambaye jina lake ndilo ninalolitumia, na ambaye aliangalia redio ya tatu kila alfajiri kwa misimu miwili ya mvua."

Nilimwita Teodora. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona kwenye kompyuta ni Ng?"

Tulikaa kwenye mashine yake. Nilipoandika Ng'washi, hakuna. Nilipoandika Ng peke yake, ukaja msururu usio na mwisho wa watafiti wa Singapore na Hong Kong. Teodora akabana matokeo, akachagua Tanzania tu. Hapo ndipo tulipowaona. Ng ameandika kuhusu pamba ya Maswa. Ng mwingine kuhusu samaki wa Ghuba ya Speke. Ng wa tatu kuhusu ng'ombe, tena ng'ombe wenyewe wameandikwa kwa kukatwa katikati. Tulifungua moja moja, zile zilizo wazi. Ndani ya makala ni Ng'wandu. Ni Ng'hoboko. Ni Ng'olo. Nusu ya Usukuma imerundikwa mle ndani chini ya jina lisilo lao. Mashine ikikuta ritifaa inadhani jina limefika mwisho. Ng inaifanya ukoo, na kile kilichobaki, washi, inakifanya jina la kwanza na kukifupisha kuwa W, Evelina akibaki E. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bwana W. E. Ng, mgeni wangu niliyetaka kumlisha sato.

"Kompyuta ndiyo iliyolikata jina langu." Alisema hivyo hasa. Hakuongeza chumvi.

Na nani katika mji huu alipaswa kujua? Nimeandika safu tatu kuwalaumu wenye mabucha wanaoandika "nyama ya ngombe". Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka kumi na minne kwamba ng' ni sauti moja, haikatwi, ukiikata umeua neno. Nikawa na elimu ya kumjua Ng wa Singapore, nikakosa akili ya kumtambua Ng'washi wa Kayenze.

Nimeanza kuandika safu ya kuomba radhi. Lazima iwe safi. Lazima iwe kubwa kuliko kosa lenyewe.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Gazeti halikutoka. Pius anasema toleo linalofuata ni Ijumaa ijayo, tarehe 25. Nilimwambia ni jambo la haraka. "Kaka, kiwanda kimefungwa. Watu wako kwenye Njia ya Msalaba."

Jioni Jitesh alikuja nyumbani. Nilimsomea mwanzo wa safu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ufunguo wa gari.

"Nzuri. Sasa mpigie yule Dakta."

"Itatoka tarehe ishirini na tano. Nitampelekea kabla, Jumatatu, ikiwa imekamilika."

"Sijasema peleka. Nimesema piga."

"Jambo hili haliwezi kusemwa kwa simu, Jitesh. Nimemchafua mbele ya mkoa mzima kwa maandishi. Simsafishi kwa mnong'ono."

"Msafishe kwa mnong'ono leo, kwa tarumbeta Ijumaa. Nani kakukataza vyote viwili?"

Nilimwambia haelewi uandishi. Akasema ni kweli, akaondoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeandika upya mwanzo. Ule wa jana ulikuwa na kelele.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa natafuta neno la kufungia aya ya tatu. Nimelipata wakati wa sadaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeandika upya yote. Mchana niliitoa simu mfukoni, nikaliangalia jina la Dakta Josephat. Simu ilikuwa na chaji. Salio lilikuwepo. Nikawaza: nikimpigia sasa ataniuliza maswali, nitayajibu vibaya, na yeye ndiye atakayewaeleza wenzake, kwa maneno yake makavu ya ofisini. Nilitaka wanisome mimi. Nikairudisha simu mfukoni. Nikasema kesho asubuhi nitampelekea safu nzima kwa barua pepe, kabla hawajakaa.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi mvua iliangusha nguzo, umeme ukakatika, intaneti ikafa nayo. Nikaona bado kuna muda. Nilikuwa narekebisha aya ya mwisho. Nilipompigia, ilikuwa adhuhuri imepita.

"Dakta, ninayo. Makala ni ya kwake. Nina ushahidi wote."

 Nilisikia akifunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, tumemaliza saa nne. Tumempa yule wa pili. Jina limeshaenda Dar."

"Lirudisheni."

"Halirudi. Dirisha limefungwa kwa mikoa yote leo leo. Hiyo makala umeipata lini?"

Nilisema, "Siku hizi hizi."

Hata hapo nilishindwa kutaja siku.

Ijumaa, 25 Aprili

Safu imetoka, ukurasa wa kumi na moja. Pius ameikata nusu. Aya ya tatu haipo.

"Kaka, ugomvi unauza. Radhi haiuzi," alisema. Sikubishana naye. Hakuna kundi lolote la simu ambamo nimeiona ikipita.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda Butimba.

Anaishi nyuma ya nyumba za walimu, chumba na sebule, kibarazani kuna meza. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nilitegemea afunge mlango. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu kiti."

"Marahaba." Sijawahi kuona neno hilo likiwa zito hivyo. Mtu anakupa heshima ya umri, na wewe huna mahali pa kuiweka.

Nilisema nimekuja kuomba radhi.

"Umeshaomba gazetini. Nimeisoma. Umeandika vizuri, kama kawaida yako." Alivuta daftari jingine, akapiga vyema tatu na kosa moja. "Makala uliipata wapi?"

"Maktaba iliniagizia."

"Ilifika lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ya wiki iliyopita?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kwenye daftari, asingeuona uso wangu.

"Ile kabla ya Pasaka," nikasema.

Akaweka kalamu chini.

"Kamati ilikaa Jumanne."

"Ndiyo."

"Namba ya Dakta Josephat unayo. Yeye mwenyewe aliniambia mnawasiliana."

"Ninayo."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika."

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli kabisa, kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri, mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Halafu kikaisha.

"Bora usingekuja. Mpaka jana nilikuwa nakuona mtu asiyejua. Asiyejua namvumilia, nina darasa zima la wasiojua, napokea mshahara kwa ajili yao."

Nilimuuliza kama kuna ufadhili mwingine, nitauandikia, nitawafuata wakubwa, nitafanya lolote. Akasema upo mwingine, una masharti yale yale ya umri, na Julai haiandikiwi safu ikasogea.

"Mama alikisikia kile kipindi," alisema. "Kule Kayenze wanasikiliza sana. Mlipocheka hakuelewa, akanipigia simu kuuliza, 'Jina langu ndilo lililokuponza?' Nikamwambia hapana. Akasema, basi ungetumia la baba yako. Mama yangu ameniambia hivyo, Mwalimu, mtu aliyekuwa anaamka alfajiri kunihesabia mikwaruzo."

 Niliangalia miguu yangu.

Nilipoinuka alinisindikiza mpaka kwenye njia. "Usiniandike tena," alisema. "Usinifanye maskini wa gazeti, sijui mchangieni, sijui picha yangu nimeshika kitabu. Mimi kesho nina kipindi cha kwanza, mada ni mawimbi. Kama lazima uandike, na najua lazima, nenda kwa wale waliokuwa wanatumiana. Huko ndiko ninakoishi sasa. Kwenye simu zao bado mimi ni mwizi."

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda maktaba. Teodora ameandikia kampuni ya kanzidata kuhusu majina yaliyokatwa. Wamemjibu kwamba ombi limepokelewa. Kila makala inarekebishwa peke yake, na mwandishi athibitishe mwenyewe. Wengine wameshafariki. Nimemuuliza nani atawathibitishia hao. Akasema, "Mwalimu, usinigombeze mimi." Nilikuwa nagomba kweli. Nikamwomba samahani hapo hapo, kwa mdomo, kwa sentensi moja. Ilichukua muda mfupi sana.

Jumanne, 6 Mei

Jua. Ziwa limetulia. Jitesh amepita na gari lake, amepiga honi, hakusimama.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia Pius, nimemwambia safu ya kesho ataichapa nzima, ukurasa wa pili, au atafute mwandishi mwingine. Amekubali. Nimeiandika kwa muda wa chai moja, sikuirudia. Nainakili hapa:

"Safu hii si ya wasomaji wote. Wakutubi wa vyuo vikuu vyetu, kwenu nina neno moja: fungueni kanzidata mnazozilipia, andikeni Ng, baneni Tanzania, muwatoe watu wetu mle ndani mmoja baada ya mwingine. Kampuni zinapokuja kudai malipo ya mwaka, wekeni jambo hili kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Waliobaki ni ninyi mliocheka nami mwezi wa tatu. Ninyi wa makundi ya walimu, ya ukoo, ya kwaya, ya vikoba na ya mtaa, mliochukua sentensi yangu kuhusu chai inayopoa mkaituma na vicheko. Niliandika uongo. Mwanamke yule aliiandika makala ile mwenyewe, kila neno, nami nimeishika mkononi. Nilipoujua ukweli nilikaa nao siku tano nikitafuta maneno mazuri, na siku hizo tano ndizo zilizomnyima nafasi. Hilo ni langu, sitamgawia mtu.

Lakini mimi siwezi kuingia kwenye makundi yenu. Ninyi mmo. Rudini leo kwenye kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, mwandike: tulisema ni mwizi, si mwizi. Msitume safu hii badala yake, na msisubiri mpate namna nzuri ya kusema. Wekeni gazeti chini, shikeni simu, andikeni sasa."